Mshale ukishika boksi: draw.io, Freeplane na programu nyingine za kuchorea nilizozijaribu steshenari

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na huu ni mwaka wa tisa. Kopi, kuprinti, baindingi, picha za pasipoti, maombi ya mikopo na ya ajira. Lakini kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba kinachojaza benchi langu ni ripoti za utafiti, na kwenye kila ripoti kuna ukurasa mmoja unaokula muda kuliko mwingine wowote: ule wa kiunzi cha dhana. Waliopita chuo wanaujua. Maboksi ya vigeu huru, yaani mambo yanayoathiri, kushoto, boksi la kigeu tegemezi, yaani jambo linaloathiriwa, kulia, mishale inayoonyesha kipi kinaathiri kipi. Ukiutazama utasema ni kazi ya dakika tano. Mimi umewahi kunikesha.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja binti mmoja wa Kondoa na ripoti yake kwenye flashi. Alikuwa ameichapa mwenyewe kwenye laptopu ya kaka yake, mchoro na yote, kwa programu ile ile ya kuandikia tunayoitumia karibu wote. Nikafungua, nikatazama kurasa za mwanzo na za mwisho, nikaprinti nakala tatu, tukapiga jalada gumu. Siku mbili baadaye akarudi. Hakusema kitu. Aliiweka ripoti juu ya kaunta na kuifungua kwenye mchoro. Mshale uliotakiwa kutoka boksi la elimu ya mama kwenda boksi la lishe ya mtoto ulikuwa unaelekea namba ya ukurasa. Maboksi mawili yamelaliana. La tatu limehamia ukurasa unaofuata, peke yake, juu ya kichwa cha sura mpya. Msimamizi wake alikuwa ameuzungushia mchoro mzima duara la wino mwekundu bila kuandika hata neno.

Mimi ndiye niliyeprinti bila kupitia kila ukurasa, kwa hiyo nikabeba gharama: karatasi, wino na majalada matatu mapya. Chanzo nilikielewa baadaye. Fonti ya laptopu ile haikuwepo kwenye kompyuta yangu, ikaingia nyingine iliyo pana zaidi, maneno yakasukumana, na kila kipande cha mchoro kikafuata aya yake. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na vipande kumi na vinne, maboksi na mistari, kila kimoja kimewekwa kwa jicho. Hakuna mshale uliokuwa unajua kwamba ni wa boksi fulani. Programu ile ina njia ya kuunganisha mshale na boksi, lakini mpaka kwanza uweke turubai ya kuchorea, na katika wateja wangu wote sijakutana na anayeijua.

Tangu siku hiyo kipimo changu kwa programu yoyote ya kuchorea ni kimoja. Nachora maboksi mawili, nayaunganisha kwa mshale, kisha nalivuta moja hadi kona ya pili ya ukurasa. Mshale ukilifuata, naendelea kuijaribu. Ukibaki unaning'inia, naifunga.

draw.io ilipita siku ya kwanza, na ndiyo ninayofanyia kazi hadi leo. Wengine mtaikuta kwa jina la diagrams.net, ni hiyo hiyo. Imetengenezwa na kampuni ya Uingereza iliyoanza kwa jina la JGraph, ni ya bure, na haikudai ujiandikishe wala utoe barua pepe. Unaweza kuitumia ndani ya kivinjari, ila mimi ninasisitiza: sakinisha ile ya kompyuta. Ikishaingia haihitaji intaneti tena. Bando likiniishia saa mbili usiku na wateja wanne wako kwenye benchi, kazi inaendelea. Umeme ukikatika, programu huwa imeshaweka nakala ya akiba pembeni ya faili, na ukirudi inakuuliza kama uirejeshe. Faili lenyewe linakaa kwenye flashi ya mteja, na mteja anaondoka nalo. Hilo nalithamini sana, kwa sababu wanafunzi wangu wanahama hama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kazi iliyofungwa kwenye akaunti ambayo nywila yake imesahaulika ni kazi iliyopotea.

Nieleze jinsi mchoro unavyotoka. Alikuja kijana anayetafiti kipato cha wakulima wa zabibu Mpunguzi, mchoro wake ameuchora kwa kalamu nyuma ya karatasi ya risiti. Upande wa kushoto aliandika bei, maji ya umwagiliaji, ushauri wa maafisa ugani na umbali hadi kwa mnunuzi. Kulia, kipato cha mkulima. Juu akaandika msimu, kwa kuwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na yeye alitaka kuona kama kipato kinatofautiana kati ya mavuno ya kwanza na ya pili.

Nikabofya mara mbili kwenye uwazi wa ukurasa, ikatokea orodha fupi ya maumbo, nikachukua mstatili na kuandika "Bei ya zabibu". Ukipitisha mausi juu ya boksi, pande zake nne hutokeza mishale hafifu ya bluu. Ukibofya mmojawapo linazaliwa boksi jingine la ukubwa ule ule, limeshaunganishwa na la kwanza. Kwa safu ya vigeu huru sikutaka yaungane, kwa hiyo nikabonyeza Ctrl na D, linarudufiwa boksi tu, bila mshale. Mara tatu, nikabadilisha maneno, safu ikakamilika. Kisha nikavuta mshale kutoka bei hadi kipato.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni, halafu wanasema programu inayumba. Mshale ukifika kwenye boksi la pili, tazama rangi kabla hujaachia kidole. Boksi zima likizungukwa na bluu, mshale umelishika boksi lenyewe, na utahamia upande wowote ulio karibu kadiri boksi linavyosogezwa. Ikiwaka kijani kwenye alama ndogo ya ukingoni, mshale umeshika nukta ile tu na hautaiacha hata boksi ligeuzwe wapi. Anza na bluu. Kijani utakihitaji mwishoni, unapotaka mishale minne iingie kwenye boksi moja bila kukanyagana. Na usipoona rangi yoyote, jua hujashika kitu. Umechora mstari uliokaa jirani na boksi, yaani umerudi kule kule kwa binti wa Kondoa.

Tulipomaliza kijana akaniambia, "Mama, msimamizi alisema angependa kipato kikae katikati, hivi vingine vikizunguke." Zamani maneno hayo yalikuwa na maana ya kufuta kila kitu. Nikalishika boksi la kipato, nikaliweka katikati ya ukurasa, na mishale yote mitano ikageuka nalo. Kijana akasogeza kiti. Tulitumia kama dakika ishirini kwa jumla, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kujadiliana kama boksi la msimu liwe la mstari kamili au la nukta nukta.

Kwenye kuutoa mchoro kuwa picha, angalieni mambo mawili. La kwanza ni ukuzaji. Ukitoa PNG, aina ya kawaida ya faili la picha, kwa asilimia 100, kwenye kioo inapendeza lakini kwenye karatasi herufi zinakuwa na ukungu. Weka 300. La pili ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kwenye dirisha lile lile kuna kisanduku kinachokuuliza kama uweke nakala ya mchoro ndani ya picha. Kitie tiki kila mara. Picha inaonekana ni picha ya kawaida, unaibandika kwenye ripoti kama picha, lakini ukiifungua kwa draw.io maboksi na mishale vinarudi vikiwa hai. Kijana wa zabibu alirudi kwangu baada ya miezi sita. Diski ya laptopu yake ilikuwa imekufa, hana faili, hana ripoti, amebakiwa na picha moja aliyokuwa amejitumia kwa barua pepe. Nikaifungua. Mchoro wote ulikuwemo, tukabadilisha maneno mawili na kuprinti. Angejitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida tusingepata kitu, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kile kilichofichwa ndani hupotea. Ukitaka kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti.

Epukeni kuitoa kwa SVG, aina nyingine ya faili la picha, kama inakwenda kwenye programu ya kuandikia. Kuna uwezekano maboksi yakaja bila maandishi yake. Ipo namna ya kulirekebisha kwenye mipangilio ya maandishi, lakini PNG ya 300 inatosha kwa ripoti yoyote niliyowahi kujalidi.

Wateja wangu hawaishii kwa wanafunzi. Tangu serikali ihamie Dodoma nawapata pia watumishi wanaoshuka kutoka Mtumba jioni. Mzee mmoja alileta muundo wa kitengo chake, ule wa nani yuko chini ya nani, kwenye faili la Visio. Visio ni mkongwe wa kazi hizi. Toleo la kwanza lilitoka 1992, Microsoft wakainunua mwaka 2000, na kwenye ofisi kubwa bado ndiyo inayotumika. Lakini ni ya kulipia, na mzee hakuwa nayo kwenye laptopu yake ya nyumbani. draw.io ikalifungua faili. Maandishi kadhaa yalikuwa yamesogea, tukayanyoosha. Kabla hatujaanza aliniuliza, "Binti yangu, hii haiendi mtandaoni?" Nikamjibu, "Haiendi popote, mzee," nikazima ruta mbele ya macho yake, tukafanya kazi hadi mwisho ruta ikiwa imezimwa. Toleo la kompyuta limetengenezwa makusudi lisipeleke mchoro wako mahali. Kwa mtu mwenye karatasi za ofisi hilo peke yake linatosha kulichagua.

Sasa niseme inapokosea. Kwenye simu inabana; kioo cha simu ni kidogo na kidole kinafunika ile rangi ya bluu na kijani unayotakiwa kuitazama. Maktaba yake ya maumbo ni kubwa mno, mgeni anafungua anakuta alama za mitandao ya kompyuta na za saketi za umeme wakati yeye anataka maboksi sita. Na kikubwa zaidi, haikusaidii kufikiri. Mwenye mchoro kichwani atauchora vizuri. Asiye nao atakaa saa nzima anachagua rangi za maboksi matupu, na mimi nimewatazama wakifanya hivyo hadi nikalazimika kutafuta kitu kingine cha kuanzia.

Hicho kitu ni Freeplane. Hii ni ya ramani za mawazo: neno moja katikati, matawi yanatoka, na matawi yanazaa matawi. Mwingereza Tony Buzan ndiye aliyeieneza mbinu hiyo duniani, hasa kupitia kipindi chake cha BBC mwaka 1974, na yeye alihimiza ichorwe kwa mkono, kwa rangi nyingi na mistari iliyopinda. Freeplane haina urembo huo. Sura yake ni ya programu za zamani, menyu zimejaa, na chimbuko lake ni FreeMind, ndugu yake mkubwa aliyeandikwa kwa Java. Ila ni ya bure, haihitaji intaneti, na kwa mtu anayechapa haraka sijaona ya kuishinda. Unaandika neno. Ukibonyeza Tab linazaliwa tawi. Ukibonyeza Enter linazaliwa tawi la ubavuni. Mausi haiguswi.

Alikuja kijana wa Bahi, ameshakataliwa mada mara mbili, anataka nimsaidie kuandika malengo ya utafiti wa mpunga. Nikamwambia, mdogo wangu, malengo siyajui, lakini wewe umekulia kwenye majaruba, niambie chochote unachokijua kuhusu mpunga wa kwenu, mimi nachapa. Akaanza taratibu. Mbegu. Mikopo. Halafu mifereji, na hapo maneno yakamtoka: mifereji iliyojaa mchanga, zamu za maji, ugomvi wa zamu, nani anashika ufunguo wa lango la maji, mashamba ya mwisho wa mfereji yanayokauka wakati ya mwanzo yanafurika, mvua inayoshuka yote kwa wiki mbili. Kisha ndege waharibifu, madalali, mashine ya kukoboa. Nilikuwa nachapa bila kuinua macho. Alipochoka nikapunguza ukubwa ili ramani nzima ionekane kwenye kioo. Tawi la maji lilikuwa na watoto kumi na mmoja, wajukuu juu yake. Tawi la soko, ambalo ndilo lililokuwa kwenye mada yake iliyokataliwa, lilikuwa na wawili. Akalitazama kwa muda, akasema, "Kumbe mimi utafiti wangu ni wa maji." Sikumwongezea neno. Tukashika matawi kwa mausi, tukayahamisha yanayofanana yakae pamoja, tukakunja yasiyohusika kwa kitufe cha nafasi. Kisha nikaichagua ramani, nikanakili, nikabandika kwenye programu ya kuandikia, na ikashuka kama orodha iliyoingizwa ndani ngazi kwa ngazi. Hiyo ndiyo ikawa sura yake ya kwanza, ikisubiri kujazwa.

Lakini ramani ya mawazo msiipeleke kwa msimamizi mkaiita kiunzi cha dhana. Naliona kosa hilo kila msimu. Kwenye ramani ya mawazo kila tawi lina mzazi mmoja na mstari hausemi chochote zaidi ya "hiki ni cha kile". Kwenye kiunzi mshale ni dai: unasema maji yanaathiri mavuno, na wewe utakwenda Bahi kulithibitisha. Kuna aina ya tatu, ramani ya dhana, iliyoasisiwa na Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1970, ambayo kila mstari unaandikwa neno la kuunganisha, kama "husababisha" au "hutegemea". Walimu wa sayansi inawafaa mno, na ipo programu yake ya bure, CmapTools. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho fanya hivi: fikiri kwa Freeplane, kisha chora kwa draw.io, na juu ya kila mshale bofya mara mbili uandike neno lake hata kama utalifuta mwishoni. Mshale ukikosa neno, mara nyingi haustahili kuwepo.

Nyingine nizipitie haraka. Lucidchart ni nzuri kwa macho na mishale yake inashika vizuri, lakini ya bure inakupa michoro mitatu tu na kila mmoja una kikomo cha maumbo 60. Miro ni ubao mkubwa wa kufanya kazi na watu walio mbali, nayo ya bure ni mbao tatu. MindMeister vivyo hivyo, ramani tatu. Kwa mtu mmoja mwenye ripoti moja zinatosha. Kwa steshenari, hizo tatu zinaisha kabla ya saa nne asubuhi, na zote zinataka intaneti na akaunti. XMind inapendeza kuliko Freeplane kwa mbali, lakini ukitoa ramani kwa toleo la bure inakuja na alama ya programu juu yake, na kwenye ripoti ya chuo alama hiyo haikubaliki. Kulipia kunahitaji kadi inayokubali dola, na wateja wangu wengi hawana.

Excalidraw naiweka pembeni na hizo kwa sababu naipenda. Inafunguka kwenye kivinjari bila kujiandikisha, mistari yake inaonekana kama imechorwa kwa mkono, na kwenye simu inavumilika. Mwalimu wa sekondari jirani yangu anaitumia kuchorea mzunguko wa maji kabla ya kipindi. Tahadhari yake ni kwamba mchoro unakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Ukisafisha kivinjari ili upate nafasi kwenye simu, mchoro unaondoka nao. Sevu faili pembeni kila ukimaliza.

Kwangu kuchora ni elfu tatu, na mteja anaondoka na picha pamoja na faili lake. Lakini ningependa zaidi mje mjifunze. Faili za kusakinisha za draw.io na Freeplane ninazo kwenye kompyuta ya pili, ile iliyo karibu na mlango, kwa sababu kuzishusha kwa bando la simu kunaumiza. Njoo na flashi, nikupe. Hiyo silipishi. Ila njoo asubuhi, na usisubiri mwezi wa saba.